Uzoefu wangu: nilivyompelekea afisa lishe mfuko wa virutubisho

Wadau habari zenu, huu uzoefu nautoa hasa kwa akina mama mnaopanga kubeba mimba kama mimi. Nilikuwa naishiwa nguvu jamani, nikipanda ngazi kidogo tu moyo unaenda mbio, wifi yangu anauza virutubisho basi akanifungashia multivitamini, unga wa kalsiamu na vitamini A ya ngozi, nikasema kabla sijameza chochote ngoja nikamuone afisa lishe hospitali ya wilaya hapa Dar.

Yule dada hata mfuko hakuugusa kwanza. Akaniambia "mama, nitajie ulichokula jana toka umeamka, usiruke hata karanga", halafu akauliza chai nakunywa saa ngapi, nikamwambia ya rangi pamoja na chakula, mchana na usiku. Kumbe chai inazuia mwili kufyonza madini chuma ya kwenye maharage na mchicha! Akasema niisogeze mbele, saa moja au mawili baada ya kula, na mboga niikamulie ndimu. Akanituma maabara, kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kikasoma 10.4 wakati mwanamke asiye na mimba hatakiwi kushuka chini ya 12.

Ndo akafungua mfuko sasa. Vitamini A akaikataa kabisa, ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kalsiamu akasema nile dagaa wazima na maziwa, halafu ukiimeza pamoja na vidonge vya damu (vya madini chuma) inapunguza ufyonzwaji wa chuma. Multivitamini siyo sumu ila kwa mlo wangu ni hela ya bure.

Alichoandika yeye ni vidonge vya madini chuma pamoja na foliki asidi (aina ya vitamini B) mikrogramu 400 kila siku, na hiyo foliki unaanza kabla ya mimba kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga wiki za mwanzo kabisa, wengi wetu hapo hata hatujajua kama tuna mimba. Kwahiyo wanaosema vidonge vyote ni biashara tu mimi siwaungi mkono, ila pima kwanza ndo umeze.

Nimerudia kipimo juzi, 12.1, ngazi napanda bila kuhema. Kasoro ni moja, yule afisa lishe anakaa siku mbili tu kwa wiki na foleni ni ndefu, wahini asubuhi. Na mkianza vile vidonge choo kinakuwa cheusi, msishtuke, ni kawaida.