Shure SM58 kwenye chumba chenye kelele

Chumba chenye feni na dirisha la barabarani hakifai maikrofoni ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo sana), hata iwe nzuri kiasi gani: itarekodi vyote pamoja nawe. Kwa bajeti ndogo, chaguo letu ni SM58, maikrofoni ya dainamiki (aina isiyo nyepesi kama kondensa) iliyo sokoni tangu 1966.

Haifuti kelele. Inachokupa ni nafasi ya kuimba karibu sana, sentimita 5 hadi 10, ili sauti yako iizidi kelele kwa mbali. Ukirudi nyuma hadi sentimita 30, faida hiyo imekwisha. Inasikia hafifu kabisa upande wa nyuma, panapoingia waya, kwa hiyo elekeza mkia huo kwenye feni. Tafadhali usikumbatie wavu kwa kiganja! Matundu ya nyuma yakizibwa, inaanza kusikia pande zote.

Udhaifu wake mkubwa ni kutoa sauti ndogo. Saundi kadi (kifaa cha kuiunganisha na kompyuta) itahitaji geini, yaani ukuzaji wa sauti, ya desibeli 60 hivi, na nyingi za bei rahisi huanza kuvuma zikifika hapo. Pima hilo kwanza. Umeme wa volti 48, ule unaohitajiwa na kondensa, hauhitajiki.

Ukaribu pia huongeza besi. Kwenye programu ya kurekodi, kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 hadi 100. Sponji ya ndani haitoshi kwa herufi P na B, hivyo imba ukiielekeza pembeni kidogo ya mdomo. Waya wa XLR, wa kuiunganisha na saundi kadi, kwa kawaida hununuliwa kando.