Canon EF 70-300mm IS II USM kwa ndege za pangaboi: tathmini kutoka Mwanza

Watu wakitafuta lenzi ya ndege huuliza kwanza inavuta kiasi gani. Kwa ndege za pangaboi swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama unaweza kushusha kasi ya shata hadi 1/125 ya sekunde ukiwa umeishika mkononi na picha ikabaki kali. Hapo ndipo lenzi hii inapostahili sifa.

Hesabu yake ni hii. Pangaboi la Q400, ndege ya abiria ya injini mbili, likiruka huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000, kila panga linasogea nyuzi 6 tu, na ndege inaonekana imezimika angani. Kwa 1/125 linasogea karibu nyuzi 49, na kwa kuwa mapanga ni sita, yaliyoachana nyuzi 60, duara linakaribia kujaa. Caravan, ndege ndogo ya injini moja yenye mapanga matatu, kwa mizunguko 1,900, inafika nyuzi 91 kati ya 120, nayo inapendeza.

Ndege za zamani ndizo ngumu. Tiger Moth, ndege ndogo ya mabawa mawili-mawili, ina mapanga mawili tu, kwa hiyo duara kamili linadai 1/60 hivi. DC-3, ndege ya abiria ya injini mbili, inadanganya masikio: injini inanguruma, lakini gia inapunguza kasi, mizunguko 16 ya injini ikitoa 9 ya pangaboi. Nayo ishushie 1/60 au 1/80. Anayejiandaa kwa maonyesho ya ndege kama hizo afanye mazoezi na Caravan zinazokwenda Rubondo na Serengeti. Mwanza si mgeni wa ndege za ajabu: tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilianza safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wake ulikuwa hapa.

Lenzi ina uzito wa gramu 710, kwa hiyo mkono hauchoki haraka. Kitulizo cha mtikisiko kinaokoa hadi hatua 4 (kila hatua ni kupunguza kasi ya shata kwa nusu), na fokasi yake ya mota ya Nano USM inaikamata ndege bila kusitasita. Bonyeza kitufe nusu kabla ndege haijafika mbele yako ili kitulizo kitulie, ifuate kwa kuzungusha kiuno, piga mfululizo mfupi, kisha endelea kuifuata hata baada ya kuachia kitufe. Wanaosimama ghafla wanapopiga ndio wanaopata mkia uliovurugika. Anza na 1/320, shuka 1/250, kisha 1/160. Kwenye 1/125 kwa milimita 300 tegemea kufuta picha nyingi; hiyo ni kawaida.

Tatizo linalofuata ni jua. Kwa ISO 100 (usikivu mdogo wa sensa) na 1/125, jua letu linakusukuma kufinya tundu la lenzi hadi f/14 hivi, na hapo kila chembe ya vumbi kwenye sensa inatokea angani kama doa. Funga filta ya polaraiza ya milimita 67: inakula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, unarudi kwenye tundu kubwa zaidi la f/8. Angalia tu vioo vya rubani vya plastiki, huweza kutoa mabaka ya rangi. Asubuhi hadi saa 3, ukitazama ziwani, jua liko mgongoni. Baada ya hapo joto la lami linatetemesha hewa, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Kupiga ndani na kando ya kiwanja, omba ruhusa kwanza.

Kasoro zipo. Haina kinga ya vumbi wala maji, na bomba lake linatoka nje ukivuta, likinyonya hewa ya barabarani. Hudi inauzwa kando. Ringi ya fokasi inatumia umeme, hivyo kamera ikilala unazungusha bure. Kioo kidogo cha juu kinachoonyesha mtikisiko kinavutia, lakini jicho likiwa kwenye kamera hukioni. Ukiifunga kwa adapta kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, zima shata ya kielektroniki: inasoma picha mstari kwa mstari, na panga linapinda kama ndizi.

Lenzi kubwa ya Canon, 100-400mm L II, ina kinga bora na hali maalumu ya kitulizo kwa kufuata ndege, lakini ina zaidi ya kilo moja na nusu na bei yake ni ya daraja jingine. Kwa pangaboi, hii inatosha.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kutoka nyuma na utafute nyuzi nyembamba ndani ya vioo. Hiyo ni fangasi, na unyevu wa ziwani unaikuza. Iache. Ikiwa safi, ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na vibadilishe vikishalowa.