Kadi za Kujitambulisha na Kutambua Hisia: Zinafaa, Ila Nyuso Mbili Zinachanganya

Kadi hizi za picha, nilizozinunua katika duka moja la vifaa vya shule Kirumba, jijini Mwanza, nimezitumia kwa wiki 6 na watoto wa miaka 4 na 5. Sehemu ya kujitambulisha ni nzuri mno: mtoto huvuta kadi, husimama, hutaja jina, umri na mahali anapoishi, na hata yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenzake sasa hutamka bila kusita kwamba anakaa Igoma na kwamba babu yake ni mvuvi.

Upande wa hisia, furaha na hasira hutambulika mara moja, lakini uso wa hofu na ule wa mshangao zimechorwa karibu sawa, macho yakiwa yametumbuliwa kotekote. Kwa kuwa watoto wa umri huu huzichanganya hisia hizo hata kwenye nyuso za watu halisi, ilinilazimu kuigiza mwenyewe mtu aliyekutana na kenge jikoni (walicheka kwanza, wakaelewa baadaye).

Karatasi yake ni nyepesi. Nilizipeleka steshenari zikafanyiwe lamineshoni kabla mikono yenye uji haijazifikia.