Maison de Jour de fête: Makumbusho Yanayopakana na Filamu Yake

Sainte-Sévère-sur-Indre ni mji mdogo wa mashambani katikati ya Ufaransa, ambako Jacques Tati, mwongozaji na mchekeshaji wa filamu wa Kifaransa, alijificha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akarudi mwaka 1947 kupiga filamu yake ndefu ya kwanza, Jour de fête (yaani “Siku ya Sikukuu”). Makumbusho ya filamu hiyo yalifunguliwa mwaka 2009, nami nayapendekeza bila kusita.

Nguvu yao ni mahali yalipo. Ukitoka nje unaukuta uwanja uleule ambamo tarishi François, aliyeigizwa na Tati mwenyewe, alihangaika na nguzo ya bendera, na banda la soko la mbao, la karne ya 17, lingali limesimama. Umati unaoonekana katika filamu ni wakazi wa hapo hapo, na ndiyo maana mji unaizungumzia kama mali yake.

Kisa kinachostahili kusikilizwa kwa utulivu ni kile cha rangi. Tati aliwavisha wanakijiji nguo nyeusi na milango ikapakwa kijivu, ili rangi ziingie mjini pamoja na farasi wa mbao wa sikukuu, kisha ziondoke nao. Thomsoncolor, mfumo wa filamu za rangi aliotumia, hata hivyo, ulishindwa kutoa nakala za kuonyeshwa, na kazi yote ingepotea kama kamera ya pili isingekuwa ikipiga picha za nyeusi na nyeupe sambamba na ile ya kwanza. Watazamaji wa mwaka 1949 waliiona filamu bila rangi zake. Rangi hizo zilirudishwa mwaka 1995, Tati akiwa amekwisha kufariki, kwa juhudi za binti yake Sophie Tatischeff na mpigapicha François Ede. Inaniuma kwamba hakuishi kuziona.

Kwa hiyo itazame kwanza, tena katika toleo la rangi. Hata asiyejua Kifaransa ataifuata, kwa kuwa ucheshi wake umo mwilini: tarishi huyo anaishikilia baiskeli yake nyuma ya lori linalokwenda, anageuza ubao wa lori kuwa meza, na kugonga mihuri barua huku akikanyaga pedali.

Mji hauna stesheni ya reli; shuka Châteauroux ukodi gari, na uhakikishe mapema siku za kufunguliwa, hasa nje ya majira ya joto.