Herufi tisa na namba 20: fundi wa jezi wa Soko Kuu, Mtwara

Wiki iliyopita nilipeleka jezi 16 kwa fundi anayeprinti majina na namba pale Soko Kuu, Mtwara mjini. Ni za timu yetu ya mtaani Magomeni, mimi ndiye mweka hazina. Nina sifa za kumpa na nina lalamiko moja, lakini siwezi kuzieleza hizo 16 kabla sijasema habari ya jezi moja aliyonifanyia Desemba 2018, maana hiyo ndiyo iliyonirudisha kwake. Ninayo mpaka leo. Hapa ninapoandika nimeivaa.

Ni ya Manchester United, msimu wa 2018/19, nyekundu, ile yenye mistari myeusi inayokolea kuelekea chini. Si orijino. Niliinunua kwa kijana mwenye toroli nje ya soko kwa 15,000. Mgongoni imeandikwa SOLSKJAER, na chini yake 20.

Wanaofuatilia mpira watazikumbuka siku zile. Jumanne ya tarehe 18 Desemba kocha wa United, Mourinho, alifukuzwa, na kesho yake ikatangazwa kwamba Ole Gunnar Solskjær anakuja kuishika timu mpaka mwisho wa msimu. Nilikuwa kibandani kwangu, nafanya miamala ya simu, kaka yangu mkubwa akapiga kutoka Mikindani, sauti imempanda kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. "Mdogo wangu, Ole karudi nyumbani!"

Kaka mwaka 1999 alikuwa na miaka 14. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, United na Bayern mjini Barcelona, aliitazamia kwa jirani mwenye dishi, watu wamebanana chumba kizima na wengine wamening'inia dirishani. Bayern wanaongoza 1-0, dakika 90 zimekwisha, jirani ameshainuka akazime jenereta kuokoa petroli. Sheringham akasawazisha. Jirani akarudi kuketi. Ikaja kona nyingine ya Beckham, Sheringham akaugonga kwa kichwa, Ole akaunyooshea mguu. Kaka anasema goli lenyewe hakuliona, aliona mgongo wa mtu aliyesimama mbele yake, lakini alijua limeingia. Mimi nilikuwa na miaka 9, nimelala. Nimesimuliwa usiku ule mara nyingi mno, mpaka harufu ya ile petroli naijua.

Kocha mgeni, hata awe na vikombe vingapi, tunampokea kwa heshima na tunamtazama kwa mbali. Mtoto wa nyumbani ni habari nyingine. Ole alikaa pale miaka 11 kama mchezaji, akafunga magoli 126, mengine akitokea benchi, na hakuwahi kununa kwa kuwekwa benchi. Tukasikia aliporudi alimpelekea mama wa mapokezi chokoleti za kwao Norway, mama yule yule aliyekuwepo enzi zake. Habari ya zile chokoleti iliniingia kuliko maelezo yoyote ya mfumo na mbinu. Nilijiambia, huyu aliyemkumbuka mama wa mapokezi atakuwa anakumbuka na mengine yote.

Ijumaa nikaenda kwa fundi.

Mji ulikuwa mkavu. Ndio ule msimu ambao bei ya korosho ilitangazwa 3,300 kwa kilo na wakulima wengi walikuwa bado hawajapata malipo yao, na Newala na Tandahimba wakisubiri fedha, Mtwara mjini nako tunasubiri. Wateja kwangu walikuwa wa kuhesabu. Katika hali hiyo nikatoa 6,500 kwa ajili ya stika. Bei yake wakati ule ilikuwa herufi 500, tarakimu 1,000. Herufi tisa, tarakimu mbili.

Aliniuliza mara mbili: "Dada, 20 si ya Dalot?" Kweli, msimu ule namba 20 ilikuwa ya Diogo Dalot, kijana wa Kireno. Nikamwambia najua, weka hivyo hivyo. Hakubishana tena, ila kabla hajagusa mashine aliandika lile jina kwenye kipande cha boksi, akanipa na kalamu nisahihishe. J alikuwa ameiweka baada ya E. Nikairekebisha. Anafanya hivi kwa kila mteja, hata kwa jina la herufi nne, na kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kumpendekeza. Kuna duka jingine hapa mjini lilimwandikia rafiki yangu jina la marehemu baba yake likiwa limepungua herufi moja. Hakuna aliyemwonyesha kabla ya kubandika.

Kwa fundi huyu hakuna kiti, unasimama, kwa hiyo kazi yote niliiona. Jina linaingia kwenye kompyuta, halafu mashine ndogo inalichora kwa kisu juu ya karatasi ya stika. Hapo ndipo kazi ya mkono inapoanza. Kwa kibano anang'oa kila kisichotakiwa, anatoa tumbo la O, tumbo la A, tumbo la R, taratibu, kama mtu anayechambua samaki mwenye miiba. Jezi akaikunja katikati kutafuta mstari wa uti wa mgongo, akapima vidole vinne kutoka kwenye kola, akaanza kupanga na K, maana ndiyo iliyo katikati, kisha akawa anaenda kushoto na kulia. Akafunika kwa karatasi, akashusha mashine ya joto, akahesabu huku midomo ikicheza bila sauti. Alipoinua hakubandua ile plastiki ya juu. Aliitandaza mezani ipoe. Nilikuwa na haraka, nikamwonyesha saa. Akasema, "Ukibandua ya moto, dada, herufi zinakuaga mwezi huu huu."

Kesho yake, Jumamosi saa 2:30 usiku, nikaingia nayo banda la mpira Chikongola, kiingilio 500. Cardiff na United. Dakika ya 3 Rashford akapiga faulo, wavuni. Mpaka mwisho 5-1. United ilikuwa haijafunga magoli matano kwenye mechi moja ya ligi tangu mechi ya mwisho ya kocha Ferguson, ile ya 5-5 na West Brom, Mei 2013. Wakati wa kutoka watu nisiowajua walikuwa wanaigusa ile 20 mgongoni kwangu. Mzee mmoja alinisimamisha mlangoni, akalisoma jina herufi kwa herufi kwa sauti, akamaliza, akaniambia asante.

Mechi nane mfululizo tukashinda. Nilipopita kwa fundi Januari, kile kipande cha boksi chenye mwandiko wangu alikuwa amekipachika ukutani, maana walikuwa wamekuja wengine wengi wakitaka jina lile lile na hakutaka kukosea tena. Na tarehe 6 Machi, Paris, marudiano na PSG Ligi ya Mabingwa, saa 5 usiku, tumeshafungwa 2-0 nyumbani, nusu ya kikosi majeruhi. Tunaongoza 2-1, tunahitaji moja tupite kwa magoli ya ugenini. Dakika za nyongeza Dalot akapiga shuti, ukamgusa Kimpembe mkononi, refa akaenda kutazama picha, akarudi na penalti. Rashford akaweka. Namba 20 ndiye aliyeupiga ule mpira. Nilivua jezi nikaitazama mgongoni palepale bandani (ndani nilikuwa na fulana), nikampigia kaka, tukalia wote wawili bila kuongea.

Tarehe 28 Machi Ole akapewa mkataba wa miaka mitatu. Na hapo hapo mambo yakaanza kugeuka. Mechi ya mwisho ya msimu ule tukafungwa 2-0 Old Trafford, na Cardiff wale wale, wakiwa wameshashuka daraja. Sitasimulia yote yaliyofuata. Mwaka 2021 tukafika fainali ya Europa kule Gdańsk, tarehe 26 Mei, siku ile ile ya Barcelona 1999, na kila shabiki wa United hapa Mtwara alikuwa ameshaihesabu tarehe hiyo na kuisoma anavyotaka. Tukafungwa kwa penalti 11-10, kipa wetu De Gea akakosa ya mwisho, karibu saa 7 usiku. Oktoba ikaja ile 5-0 ya Liverpool, na mashabiki wao bandani wakapata neno tayari kwenye Kiswahili: "Ole wenu! Ole wenu!" Lilinichoma. Tarehe 21 Novemba, Jumapili, baada ya kufungwa na Watford 4-1, Ole akaondolewa.

Juma lilelile nilipofua jezi nikaona kona ya chini ya J imenyanyuka. Ilikuwa miaka mitatu kasoro mwezi, imefuliwa kila juma kwa maji yetu haya ya chumvi na sabuni ya unga, imeanikwa juani. Nadhani kwa kazi ya stika huo ni uhai mrefu sana. Nikampelekea. Hakuniuliza kama bado naitaka, swali ambalo kila mtu mwingine aliniuliza juma lile. Akaiweka chini ya joto, akahesabu, akaiacha ipoe. Hakuchukua hela.

Wiki iliyopita nikamuuliza kama wapo wanaoleta jezi zibanduliwe majina. Akasema wapo. Lampard alipopewa ukocha wa Chelsea, timu aliyoichezea zamani, Julai 2019, vijana walimjaza kwa LAMPARD 8. Januari 2021 alipofukuzwa, wawili walirudi kutaka jina litolewe. Aliwaeleza ukweli, kwamba stika inatoka lakini kivuli chake kinabaki kwenye kitambaa na utalisoma tu. Mmoja akakubali kivuli. Mwingine akaondoka nayo ilivyo, na Aprili 2023 Lampard aliporudi kuishika timu kwa muda, yule kijana alipita na jezi yake kumwonyesha. Wa ARTETA 8, mchezaji wa zamani wa Arsenal aliyerudi kuwa kocha wake, walikuwa wachache, akasema, na miaka miwili ya mwanzo walikuwa wanyonge, maana Arsenal ilimaliza ya 8 mara mbili mfululizo, ijapokuwa katikati alileta Kombe la FA. Halafu ikawa ya pili misimu mitatu mfululizo, na hao hawajawahi kuja kubandua chochote.

Sasa hizi 16. Timu yetu inacheza ndondo, na mwaka huu tumempa ukocha beki wetu wa zamani, aliyevaa namba 6 hapahapa mtaani. Kabla yake mazoezi ya jioni yalikuwa na watazamaji watano, wengine watoto waliotumwa dukani. Sasa akina mama wanakuja na viti vyao. Anawaita vijana kwa majina ya baba zao, kwa sababu alicheza na baba zao. Nimeshawahi kuona matumaini ya namna hii yanavyopanda na yanavyoshuka, na bado nilipoambiwa nikatafute jezi nilitoka siku hiyo hiyo.

Bei imepanda: herufi sasa 1,000, tarakimu 1,500. Tulihitaji namba tu, 1 mpaka 16, tarakimu 23 kwa jumla, yaani 34,500. Akatupa kwa 30,000. Aliahidi siku mbili, zikawa nne. Umeme ulikatika siku ya pili, na hapa nawapa angalizo: umeme ukikatika atakwambia anaweza kumalizia kwa pasi ya mkaa. Kataa, subiri. Namba moja aliyonionyesha ya pasi ya mkaa ilikuwa na ukingo unaong'aa kama mafuta, na pembeni ilikuwa imeshaanza kuachia kabla haijavaliwa.

Lalamiko langu ni namba 6. Katika zote 16, hiyo ndiyo aliyoibandika kichwa chini. Nilifungua mfuko nyumbani usiku, nikazipanga kitandani, nikakuta 9 mbili. Kwa timu nyingine lingekuwa jambo dogo. Kwetu sisi, namba 6 ndiyo watu wanayoisubiri kuiona. Kijana atakayeivaa alikuwa ameshaulizia mara tatu, na kocha mwenyewe ndiye aliyemchagua. Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua, na nilikuwa na hasira.

Aliitandaza mezani, akaiangalia, akanyamaza. Kisha akasema, "Nimekosea, dada. Kwenye majina nawapa boksi, kwenye namba sikuwapa." Hakujaribu kuibandua. Alitoka akalizunguka soko mpaka akapata jezi ya rangi ile ile, akailipia mwenyewe, akabandika 6 mbele yangu, safari hii akaniita niitazame kabla hajashusha mashine. Ile ya pili ya 9 tumeiweka akiba.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imekatwa kwa zile siku mbili za ziada na kwa usiku ule wa 9 mbili. Hana bango, ingia soko upande wa nguo, uliza fundi wa jezi, utaonyeshwa. Nenda asubuhi, umeme ukiwa upo na foleni haijawa kubwa, na kama ni namba, omba kipande cha boksi hata kama hajakupa.

Wakati ananifungia mfuko akauliza ya kocha iko wapi. Nikamwambia bado tunachangishana, imefika 7,000. Akavuta kipande cha boksi chini ya meza, akanipa na kalamu, akasema niliandike jina lake kabisa, atalitunza ukutani mpaka fedha itimie.