Peleti za Kufukizia Nyama: Mifuko Miwili, Pipa Moja, Dodoma

Mbukwenyi, watu wangu! Leo niko uani kwangu hapa Nkuhungu. Upepo mnausikia wenyewe kwenye maiki, mnivumilie. Mezani nina mifuko miwili, na ukiitazama kwa mbali utadhani ni chakula cha kuku. Sitanii. Juzi mama mkwe alishachota kopo zima anaelekea bandani, nikamuwahi. Akasema, "Sasa mwanangu, mbao umezinunua kwa kilo?" Ndiyo, mama, nimezinunua kwa kilo.

Hizi ni peleti za mbao. Ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu na joto hadi likawa vijiti vya unene wa kama milimita 6. Gundi haitakiwi kuwamo. Mti wenyewe una kitu kinaitwa lignini, kikipata joto kinalainika, kikipoa kinashikana, basi. Kutumia peleti kwa nyama kulianzia Oregon, Marekani, miaka ya 1980, kwa bwana mmoja anaitwa Joe Traeger, na huko wana majiko ya umeme yanayojilisha peleti yenyewe. Mimi jiko hilo sina. Nina pipa nililopasuliwa na fundi wa kuchomelea, mkaa upande mmoja, nyama upande wa pili, na hili bomba la stenlesi lenye matundu, sentimita 30, ninalojaza peleti zifuke moshi. Naomba mkumbuke kwamba jiko langu si la umeme, kwa sababu nusu ya ushauri wa mtandaoni unaharibikia hapo.

Kabla sijaendelea: hakuna aliyenilipa. Mifuko yote nimetoa hela yangu: mmoja ni wa mwaloni, na huu mwingine nimepigwa.

Nilipigwaje? Muuzaji wa mtandaoni, jina lake libaki huko huko, aliniambia hizi ni hikori, ule mti mgumu wa Marekani wa kufukizia nyama. Picha nzuri, mbavu zinang'aa, nikatuma hela. Mzigo ulipofika nikafungua mfuko, nikanusa. Jamani, harufu ya karakana ya seremala siku anayotengeneza kabati jipya! Hiyo ni misindano, yaani paini. Tunaijua, mbao zetu nyingi zinatoka Mufindi, Sao Hill, na vumbi lake ndilo linalopatikana kwa wingi.

Sasa msinielewe vibaya, peleti za msindano si mbaya. Serikali ina ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na peleti ni mojawapo ya njia. Chemshia maharage, chemshia makande, sufuria ina mfuniko, moshi hauonji chakula. Lakini kwenye kufukiza nyama, moshi ndio kiungo chenyewe! Msindano una utomvu, na utomvu ukiungua unatoa masizi mazito na uchungu unaokaa kooni. Nyama unayofukizia inataka mti mgumu usio na utomvu: mwaloni, hikori, mtofaa. Na kwa kuni zetu za kawaida mwembe na mpera havijambo kabisa. Minyaa ile ya kwenye ua usiiguse hata siku moja, maziwa yake ni sumu na moshi wake unachoma macho.

Haya, tuje kwenye vipimo. Kuna kipimo kimoja utakikuta kila video: tia peleti kwenye glasi ya maji, zikivunjika haraka zikawa unga, basi ni "halisi". Nimefanya mbele yenu. Glasi ya kushoto peleti za mwaloni, ya kulia ndugu yetu wa kabati. Tazameni. Zote zimezama, zote zinavimba, zote zinakuwa uji. Umeona? Maji yanakuambia kama zimegandishwa na kitu kisichoyeyuka. Ni mti gani, hayakuambii. Mtu akikuonyesha glasi akasema "hii ni hikori halisi", amekuonyesha uji tu.

Kinachosaidia zaidi ni pua. Chukua ule uji, mimina maji ya moto, sogeza pua. Msindano haujifichi hapo, unanuka tapentaini. Halafu washa peleti za kujaza kiganja kimoja, shikilia sahani nyeupe juu ya moshi kwa dakika chache. Sahani yangu ya mwaloni imekuwa na rangi ya chai hafifu. Ile nyingine, nimeisugua na steel wool, mke wangu ananiangalia.

Kuvunja pia msiache. Peleti kavu inalia ta! Ikijipinda au ikimeguka kimya kimya imeshakunywa maji. Zinatakiwa ziwe na unyevu chini ya asilimia 10. Hapa Dodoma tuna bahati ya ukavu, ila mfuko wako umepita Dar na unyevu wake wa pwani, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili zipo. Ukifungua tu, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kingine, soma nyuma ya mfuko. Mbele wameandika hikori kwa herufi za bango, nyuma kwa herufi za sisimizi wanasema mchanganyiko: sehemu kubwa ni mwaloni au mti mwingine, hikori ya kuonjesha, na mingine inatiwa mafuta ya harufu. Mchanganyiko wa miti si dhambi, mradi wanakuambia. Muhuri nao usikutie kiwewe. ENplus A1, kwa mfano, ni muhuri mzuri, majivu yasizidi asilimia 0.7, unyevu usizidi 10. Lakini ni muhuri wa peleti za kupashia nyumba joto Ulaya. Msindano unaupata bila shida. Haujawahi kuulizwa habari za mbuzi.

Na ule ubishi wa mtandaoni, kwamba peleti bora ni fupi na zenye majivu kidogo? Ni kweli, kwa wenye majiko ya umeme. Peleti ndefu au yenye unga mwingi inakwamisha ile parafujo inayosukuma, majivu yanaziba. Kwenye bomba langu, urefu wa peleti haunihusu hata kidogo.

Ndiyo maana siku hizi nikimsikiliza mtu anashauri, nauliza anatumia jiko gani, na ng'ombe wake alikula nini. Mwaka jana nilifuata video ya Texas neno kwa neno: kidari, nyuzi 110, saa 12. Ng'ombe wa yule bwana amenoneshwa kwa mahindi, mafuta yamepita kila mahali. Wangu kakua akitembea kutafuta majani. Nilitoa kandambili, watu wangu, kandambili yenye harufu nzuri ya moshi.

Kwa mifugo yetu ninachofanya ni hiki. Bega la mbuzi, chumvi na ndimu tangu usiku. Jaza bomba, washa mwisho mmoja, acha liwake dakika 5 mpaka 10, kisha uzime mwali wa moto kwa kupuliza. Lilaze mbali na mkaa, ukiliweka juu ya makaa peleti zote zinashika moto na moshi unapotea. Usiloweke, utapika uji. Subiri moshi mzito mweupe upungue ubaki ule mwembamba, wa samawati, ndipo uingize nyama. Saa moja na nusu ya moshi inatosha, kisha ifunge kwenye foili na maji kidogo mpaka ilainike. Siku ya upepo kama leo bomba linaisha mapema, kwa hiyo kinga pipa kwa bati.

Peleti za mwaloni nitanunua tena, kwa siku za wageni tu, maana bei yake na nauli inakaribia mbuzi mdogo pale mnada wa Msalato. Za kabati nimempa jirani mwenye jiko la peleti, anapikia wali, ameshukuru sana.

Ila nina ombi. Ufaransa wanachomea nyama matawi ya mzabibu, na sisi zabibu ndiyo kwao. Mwenye shamba Mpunguzi au Hombolo, ukipogoa, nitafute, lakini uniambie kweli ulipiga dawa lini. Nitayakausha, nitayajaribu humu humu kwenye pipa. Sasa ngoja nifunue, saa moja na nusu imefika na mama mkwe ameshaleta sahani.