Pampu ya mkono ya mashine ya boti, kutoka Kirinyaga Road, Nairobi

Mpira wa petroli wenye pampu ya mkono unaouzwa Kirinyaga Road ni imara, ila zipime vali zake (vilango vinavyopitisha petroli upande mmoja tu) kabla hujalipa. Puliza kuufuata mshale ulio kwenye pampu: hewa ipite. Puliza kinyume: isipite hata kidogo. Vali ikivuja, pampu haiwi ngumu mkononi, kabureta inabaki kavu, nawe utavuta kamba mpaka bega lilie. Unapoiminya pampu, mshale uelekee juu. Ikibonyea na isirudi, usiilaumu. Tundu la hewa la tangi limefungwa. Udhaifu wake ni oringi, yaani pete ya kuziba, pale mpira unapochomekwa kwenye mashine: ikinyonya hewa, mashine inawaka kisha inazima. Nunua mbili za akiba.